Ulanzi wa nyanda za juu: shambani, kilabuni au barabarani?

Ukitaka kununua ulanzi, uliza kwanza umegemwa saa ngapi; bei itafuata. Kinywaji hiki cha utomvu wa mwanzi hakilali. Tangu kinapodondoka kutoka kwenye chipukizi mpaka kinapofika mdomoni kinaendelea kugeuka, na lita mbili za kichaka kimoja, moja ya alfajiri ya leo na nyingine ya jana, hazifanani kwa ladha, kwa nguvu wala kwa zinavyokufanya kichwani. Hapa tumepima njia tatu ambazo mtu wa Iringa, Mafinga, Makambako au Njombe huupata ulanzi: kwa mgema mwenyewe shambani, kilabuni, na kwenye madumu yanayopangwa kando ya barabara kuu. Mwenye haraka achukue alama zake aende: shambani 9 kati ya 10, kilabuni 6, barabarani 3. Sababu zake ndizo ndefu.

Mlanzi ni mwanzi, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica. Hupandwa kwa vichaka mabondeni na nyuma ya nyumba, na hugemwa wakati wa mvua machipukizi yanapotoka, kwa kawaida kuanzia Desemba au Januari hadi Aprili au Mei. Kiangazi machipukizi hayapo. Anayekuuzia "ulanzi wa leo" mwezi wa tisa, mwulize ameugema wapi.

Kazi ya mgema inaonekana ndogo kwa anayepita njia. Chipukizi likifika kimo cha kiuno hadi kifua, anakata ncha yake kwa kisu kikali. Siku za mwanzo halitoi kitu cha maana. Kila asubuhi na kila jioni anarudi, anakata kijipande chembamba kama sarafu, analitonesha kidonda upya. Baada ya kama wiki moja maji yanaanza kutoka. Hapo analiinamisha chipukizi kidogo, analifungia mbeta, chombo cha kukingia, chini ya kidonda, na tangu siku hiyo hana jioni ya kupumzika mpaka chipukizi likauke. Sababu ya kukata mara mbili kwa siku ni kwamba kidonda cha mmea hujiziba: utomvu hukauka juu yake, vijidudu hujenga utelezi, na vinjia vidogo vinavyopitisha maji vinafungwa. Mgema akiruka jioni moja, kesho yake mbeta haijai, na hicho kidogo kilichomo kina ukakasi.

Mbeta nayo ni sehemu ya ladha. Ni pingili ya mwanzi mnene uliokomaa, imekatwa chini kidogo ya fundo ili fundo liwe kitako. Ukutani mwake hubaki chachu ya jana, na hiyo ndiyo inayoanza kazi mara tone la kwanza linapoanguka. Ulanzi halisi hautiwi hamira. Ndiyo maana mbeta mpya huchelewa kuchachusha, na mbeta iliyosuguliwa kwa sabuni hutoa ulanzi uliopooza wenye harufu ya sabuni. Ile isiyooshwa msimu mzima nayo hujenga ukoko wa siki, na kila unachokinga humo kinaanza kuchacha kabla ya wakati. Mgema anayejua kazi husuuza kwa maji ya moto, huanika mbeta juani mdomo wazi, na ana mbeta za kubadilishana. Angalia mdomo wa mbeta kabla ya kitu kingine chochote: ukiona umefunikwa kwa majani na nyuki wanahangaika nje, uko mahali pazuri. Ukiona nzi wamezama ndani wamevimba, rudi nyumbani.

Ufundi huu una ndugu yake ng'ambo ya bahari. Nchini Meksiko mgema, tlachiquero kwa jina la huko, anakwenda mara mbili kwa siku kwenye mmea wa maguey, aina ya mkonge mkubwa, anakwangua moyo wake na kufyonza maji matamu yaliyojikusanya kwa kibuyu kirefu chembamba kiitwacho acocote. Maji hayo ni aguamiel, na yakichacha yanakuwa pulque, nyeupe, ya mlenda kidogo. Wazee wa Kiazteki, wenyeji wa kale wa huko, waliupa mmea huo mungu wake wa kike, Mayahuel. Tofauti kubwa ni umri: maguey husubiriwa miaka mingi, mara nyingi kama 10, hutoa maji kwa miezi kadhaa kisha hufa. Kichaka cha mlanzi kikitunzwa hutoa machipukizi kila mvua. Tuna bahati ambayo mgema wa Meksiko hana, na tutairudia chini.

Sasa saa. Ulanzi ukishushwa asubuhi ni mtogwa: mweupe kama maji ya kuoshea mchele, mtamu, una ubaridi wa usiku na mchomo mdogo wa gesi kwenye ulimi. Wengi huuita soda ya kienyeji na kumpa mtoto. Hilo ni kosa. Umekaa kwenye mbeta usiku kucha na chachu imeshakula sehemu ya sukari, kwa hiyo kilevi kimo hata kama ulimi haukisikii. Mtoto hapewi, mjamzito hapewi. Mchana povu linapanda na utamu unashuka. Kesho yake ni mkangafu: sukari imegeuka kilevi, uchachu umeingia, na nguvu yake inakaribia asilimia 5, sawa na bia ya kawaida. Siku ya tatu siki inaanza kutawala. Baridi hurefusha saa hizo na joto huzifupisha. Kwenye ubaridi wa Njombe mtogwa wa asubuhi unaweza kubaki na utamu hadi jioni. Dumu hilohilo ukilipakia kwenye basi la kuteremka Morogoro, unashusha kinywaji kingine kabisa.

Hesabu yake ni rahisi na watu wachache huifanya. Lita moja ya mkangafu wa asilimia 5 ina mililita 50 za kilevi tupu, sawa na chupa 2 za bia za nusu lita. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa 4 hadi 6 kuiondoa. Aliyekunywa lita 3 na kumaliza saa nne usiku hafai kushika usukani wala bodaboda saa mbili asubuhi, hata kama ameoga na kunywa chai. Anayetumia flajili aache kabisa mpaka dozi iishe na siku chache zipite. Anayetumia dawa za kifua kikuu asiuguse, kwa sababu ini lake tayari lina mzigo. Mwenye kisukari ajue kwamba mtogwa ni maji ya sukari.

Shambani, basi. Unafika asubuhi kabla jua halijakauka umande, mnasalimiana: "Kamwene, baba." "Kamwene." Unauliza, "Huu ni wa usiku huu au umechanganywa na wa jana?" Mgema mwaminifu anakujibu moja kwa moja, mara nyingi anakuonjesha kabla hujaomba. Wengi huchanganya kidogo cha jana kwenye cha leo ili kukipa nguvu, na hakuna ubaya ukiambiwa. Ubaya ni kuuziwa mchanganyiko kwa jina la mtogwa. Nenda na chombo chako: dumu la lita 5 lililokuwa na maji ya kunywa, limesuuzwa kwa maji ya moto na kukaushwa. Nenda pia na kipande cha kitambaa safi cha kuchujia, maana chujio la chai hupitisha miguu ya nyuki. Jaza dumu mpaka karibu na shingo. Hewa ikibaki nyingi ndani, vijidudu vya siki vinapata pumzi na ulanzi unachacha upesi. Lakini mfuniko usikazwe: chachu inatoa gesi muda wote, na dumu lililobanwa huvimba tumbo, kisha siku unalifungua kinywaji kinakurukia usoni hadi darini. Legeza mfuniko robo mzunguko, simamisha dumu, funika juu kwa kitambaa. Jokofu hupunguza kasi tu, haliisimamishi. Anayetaka utamu ukae achemshe mtogwa mara tu unapofika, dakika 10 baada ya kutokota, aupoze ukiwa umefunikwa. Chachu inakufa na kinywaji kinakaa siku moja au mbili bila kugeuka, ingawa kinapata ladha ya kupikwa na ule mchomo wa ulimi unapotea. Sisi hatuupendi hivyo, ila kwa safari unafaa.

Wageni wanaosoma habari za mimea mitakatifu ya ulimwengu huuliza kama ulanzi unaonesha maono. Hauoneshi. Kilevi chake ni kilekile cha bia: unachangamka, ulimi unalegea, wimbo unakuja, kisha miguu inasahau kazi. Amazon kuna kinywaji cha ayahuasca kinachofanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Wanapika kwa saa nyingi kamba ya msituni (mmea mtambaa), Banisteriopsis caapi, pamoja na majani ya Psychotria viridis. Majani hayo yana kemikali ya DMT, ambayo ukiimeza peke yake huvunjwa na vimeng'enya vya mwilini kabla ya kufika ubongoni. Kamba ina harmini inayovizuia vimeng'enya hivyo, ndipo maono huja, kwa kawaida pamoja na kutapika. Kwa kanuni hiyohiyo, mtu anayetumia baadhi ya dawa za sonona anaweza kupata madhara ya hatari akiinywa. Gabon wanachama wa dini ya asili ya Bwiti hula magome ya mizizi ya iboga katika ibada ya kuingizwa, na safari yake huweza kupita siku nzima. Dawa iliyomo, ibogaini, huvuruga mapigo ya moyo na imeshaua watu. Tunayataja haya kwa sababu kuna wanaozungumza kana kwamba kila mmea wa ibada ni mamoja na kinachotofautiana ni ujasiri wa mnywaji. Kila mmea una mlango wake mwilini na hatari yake, na ulanzi una ya kwake, ambayo ni ile ya pombe yoyote.

Kilabuni alama 6, na tungeweza kutoa 7 kama si maji. Kilabu kizuri kina faida ambayo shamba halina: ulanzi unakwenda upesi, dumu likifunguliwa asubuhi mchana limekwisha, na mama muuzaji anajua mgema wake ni nani. Mwulize, "Mama, huu ni wa mgema gani?" na atakutajia bila kufikiri. Akianza kuzunguka, hajui. Methali ya pwani inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huku bara mara nyingi anayetia ni wa katikati, si mgema. Ulanzi uliotiwa maji unajionesha mwenyewe ukiumimina kwenye glasi ya kioo badala ya kikombe cha plastiki. Mzima huwa na ukungu mzito, povu lake dogodogo hukaa pembeni ya glasi, na baada ya dakika 10 unga mweupe wa chachu huanza kushuka polepole. Uliotiwa maji una povu kubwa linalokufa mara moja, na juu yake unaanza kuona upande wa pili wa glasi. Ukitiwa maji na sukari, utamu unakugonga mwanzo wa ulimi kisha unakwisha ghafla, bila ukakasi nyuma. Ukitiwa na hamira unanukia mkate. Hapa hatuzungumzii ladha peke yake: asilimia 5 ya kilevi haiui vijidudu vyote, na msimu wa ulanzi ndio msimu wa mvua, visima vinapoingiwa na maji ya juu. Ulanzi safi kutoka kwenye mbeta ni salama kuliko maji yaliyotumika kuuongeza.

Halafu kuna kikombe. Vilabu vingi bado kikombe kimoja cha lita huzunguka benchi zima, na huo ndio moyo wa kilabu, lakini kifua na mafua navyo huzunguka. Kwa watu wa Fiji, kava hutolewa kwenye bakuli la mbao la tanoa kwa kifuu cha nazi kiitwacho bilo. Anayepewa hupiga kofi moja, hunywa kwa mkupuo, kisha hupigwa makofi matatu. Kila mtu anajua zamu yake na anayegawa ndiye anayeamua mwendo. Kava yenyewe, mizizi ya Piper methysticum iliyopondwa katika maji, haina kilevi cha pombe. Inafanya mdomo ganzi na mwili utulie huku kichwa kikibaki na akili zake. Utaratibu ule ndio unaoshika kasi ya unywaji. Vilabu vilivyobaki na mzee mmoja anayegawa kwa kata vina kitu kama hicho, na tofauti inaonekana saa kumi na mbili jioni: watu wanakwenda nyumbani kwa miguu yao. Pale kila mtu anapojimiminia kutoka kwenye dumu lake, jioni inaishia kwenye mtaro.

Barabarani tumetoa 3, na hizo 3 ni za abiria ambaye hana njia nyingine. Dumu limekaa juani tangu asubuhi, mfuniko umebanwa ili lisimwagike, na muuzaji anakimbilia dirisha la basi ambalo halisimami dakika mbili; hakuna nafasi ya kuuliza saa wala kuonja. Kibaya zaidi ni historia ya dumu. Nyanda za juu ni nchi ya viazi na nyanya, na madumu ya dawa za kunyunyizia mashamba yako kila mahali. Plastiki hunywa harufu na sumu, na hakuna kuosha kunakoitoa yote. Ulanzi wenye uchachu unaivuta tena nje. Ukilazimika kununua, nusa mdomo wa dumu kabla ya kuonja kilichomo. Harufu ya mafuta ya taa, ya rangi, au ya kitu chochote kisicho chachu na majani, liache. Dumu lenye kibandiko kilichobanduliwa kikaacha gundi, liache. Chupa ya maji iliyojazwa ulanzi ina afadhali, kwa kuwa angalau unajua ilikuwa na nini.

Kuna matumizi mengine ambayo hayauzwi, nayo ndiyo yaliyoupa ulanzi heshima. Katika tambiko mzee humwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia kabla hajaonja mtu yeyote. Kinachomwagwa ni kidogo, na wanaokunywa baada yake hunywa kwa mpangilio wa umri. Hakuna anayelewa ili azungumze na wahenga. Kinywaji ni salamu, kama vile mgeni asivyoingia nyumbani mikono mitupu. Waazteki nao waliiwekea pulque mipaka: wazee waliruhusiwa kuinywa, kijana aliyekutwa amelewa hadharani aliadhibiwa vikali, na masimulizi yao yanamtaja bwana mmoja wa Wahuasteki ambaye wenzake walitosheka na vikombe 4, yeye akaomba cha 5, akalewa hata akavua nguo mbele ya watu. Anayenunua ulanzi kwa ajili ya tambiko aseme hivyo kwa mgema mapema, tangu jana yake. Atakingiwa kwenye mbeta iliyosuuzwa, usiochanganywa na wa jana, na wagema wengi hujali jambo hilo hata kama wao wenyewe ni watu wa kanisani.

Imebaki kueleza kwa nini shambani ni 9 na si 10. Chipukizi lililogemwa haliwi tena mwanzi, linakauka. Mgema anayegema kila chipukizi la kichaka anakunywa ulanzi wa miaka ijayo, kwa sababu mianzi michanga ndiyo inayolisha mizizi itakayotoa machipukizi mengine, na bila hiyo kichaka kinazeeka na kupungua kila mvua. Wachumaji wazuri wa peyote, dungusi kakati mdogo asiye na miiba wa Texas na Meksiko ambaye Kanisa la Wenyeji wa Marekani lililosajiliwa Oklahoma mwaka 1918 humtumia katika ibada, hukata kichwa tu usawa wa ardhi na kuacha mzizi uchipue tena. Wanaong'oa na mzizi wamemaliza maeneo mazima, na dungusi huyo huchukua miaka zaidi ya 10 kukomaa. Mlanzi hausubirishi hivyo, ndiyo maana watu wanausahau. Kabla ya kulipa zunguka kichaka uhesabu. Ukikuta machipukizi mazima, marefu, yasiyo na kidonda, walau moja kwa kila matatu au manne yaliyofungwa mbeta, nunua dumu zima na urudi mwakani. Ukikuta yote yamefungwa, nunua lita moja, na umwambie baba kwa adabu kwa nini hukuchukua tano.